Chekeche Kwenye Ncha ya Kidole

Wale mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilikotoka. Mvua iliangusha nyumba yangu, shemeji akauza kiwanja bila hata kunigongea mlango, nikahamia kwa mjukuu wangu na godoro moja na miwani iliyofungwa uzi. Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, karibu, vuta kiti. Hujapitwa na kitu ambacho siwezi kukueleza kwa maneno machache.

Mjukuu wangu wanamwita Kimya, kwa sababu maneno yake ni ya kuhesabu. Anakanda unga kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita Bosi, alinipa na mimi kazi ya kuchekecha unga. Tena alinitafutia kiti chenye egemeo, akasema, "Bibi, wewe hapa utakaa. Wenye magoti mazima ndio wasimame."

Sijasahau kiti kile.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Bosi alipokutwa ndani ya stoo ya unga, amelala kifudifudi, kichwa kimepasuka. Damu ilikuwa imekorogeka na unga ikawa kama donge. Kando yake lilikuwepo beleshi la mbao, lile refu la kutolea mikate, nalo lina damu. Wakamkimbiza hospitali. Mpaka siku ninayowasimulia leo alikuwa hajafumbua macho.

Siku hiyo ndiyo mdogo wake alipotufungia lango.

Mdogo wake ana duka la nyama upande wa pili wa barabara. Watu wote wanamwita Bucha, mpaka mkewe. Alikuja mchana, mikate ya asubuhi imeshatoka na tanuri bado linatema joto. Alikuwa na aproni yake ya kazi, na kisu chake kiko kiunoni kama kawaida. Akalisukuma lango la bati, akapitisha mnyororo.

"Hatoki mtu," akasema.

Mkuu wa tanuri, mtu mzima tunayemwita Fundi Moto, akafuta mikono, akamsogelea kwa upole. "Bucha, ndugu yangu, mambo haya si tungewaachia polisi?"

"Polisi wamekuja, wamekunywa soda zenu, wameondoka. Wewe umeona wamemfunga nani?"

"Sijaona."

"Basi kaa pembeni." Akatuzungushia macho wote. "Mama yetu alipokuwa hai, kikipotea kitu kwenye kiwanda hiki, alikuwa anafanya nini?"

 Sote tulijua.

"Leteni chekeche," akasema Bucha. "Na mkasi wa kufungulia magunia."

Wajukuu zangu, mambo haya mimi nimeyaona tangu sijaota meno ya ukubwani. Watu walikuwa wanauliza vyombo vyao vya kazi maana ndivyo vilivyokuwepo ndani. Mpasua kuni alisimamisha shoka juu ya gogo, akataja watu, akaangalia mpini unaegemea wapi. Bibi mmoja jirani yetu alining'iniza pete kwa uzi juu ya bilauri, akasikiliza inagonga mara ngapi. Shangazi yangu alikuwa na chekeche na mkasi. Kuku akipotea, chekeche. Sufuria ikipotea, chekeche. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia upande wa pili, majina yanatajwa, na jina likitajwa chekeche likageuka, huyo ndiye mwizi.

Kwa hiyo Bucha aliponinyooshea kidole, sikushangaa.

"Bibi atashika, chekeche ni lake. Na wewe, Mama Mauzo."

Mama Mauzo ndiye anayeuza mikate dirishani. Ni mwanamke wa makamo, mchapakazi, mwenye mdomo mwepesi wa kutania wateja. Kila asubuhi alikuwa akinipa chai isiyo na sukari, maana alishaona mara moja tu nikisukuma kikombe kitamu pembeni. Hakuniuliza ugonjwa wangu. Alielewa, basi.

"Mimi mikono ina jasho," akasema. "Tafuta mwingine, Bucha."

"Paka unga."

"Naumwa."

"Kaka yangu ndiye anayeumwa. Kaa chini!"

Akakaa.

Tuliketi juu ya magunia, mimi na yeye, magoti yanagusana. Msukuma toroli, kijana mmoja mwenye mabega kama mlango, tunamwita Toroli tu, aliufungua mkasi akachomeka ncha zake kwenye ukingo wa mbao wa chekeche. Nikaweka kidole changu cha kati chini ya kishikio kimoja. Mama Mauzo akaweka chake chini ya kingine. Chekeche likaning'inia katikati yetu, limetulia kama linasikiliza.

Fundi Moto ndiye aliyepewa kazi ya kutaja.

"Naanza na nani?"

"Swali gani hilo?" Bucha akafoka. "Wakubwa kwanza! Tumepata matatizo, hatujapoteza adabu."

"Basi ni Bibi."

"Bibi kwanza. Utatusamehe, Bibi."

"Nitaje tu, mwanangu," nikamwambia. "Nimekula chumvi nyingi mno, siogopi kutajwa."

Wachache wakacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho kilichosikika mle ndani siku ile.

"Chekeche, umekula unga wetu," akaanza Fundi Moto. "Mkasi, umekula nyuzi zetu. Tuambieni kweli. Ni Bibi?"

Akarudia. Akangoja. Chekeche halikutikisika.

Akajitaja mwenyewe. Likatulia. Bucha akasema, "Na mimi nitaje, asije mtu akasema nimejificha." Akatajwa. Likatulia. Akatajwa Mama Mauzo, amefumba macho. Likatulia. Wakafuata wapanga mikate, wasambazaji wa baiskeli, wakandaji, mmoja mmoja, kwa umri wao, na kila mmoja maneno yaleyale yanarudiwa na kimya kilekile kinangojwa.

Kidole changu kilianza kuwaka moto. Kisha kikafa ganzi. Nikamwona Mama Mauzo jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Ni Toroli?"

Chekeche likayumba kidogo, kama nguo kwenye kamba. Likatulia.

Akabaki mmoja.

"Tuambieni kweli. Ni Kimya?"

Likageuka. Nawaambia liligeuka, wajukuu zangu, mkasi ukateleza, sijui kwenye kidole changu au cha mwenzangu, chekeche likadondoka chini, likabingirika sakafuni mpaka kwa mjukuu wangu, likamwegemea mguuni kama paka anayetaka maziwa.

Kwa mikono yangu mwenyewe.

"Subirini," nikasema. "Subirini kwanza."

Nani wa kunisikia? Bucha alishanyakua beleshi. Alimpiga nalo Kimya mgongoni, Kimya akaenda magoti chini. Akampiga la pili begani, mpini ukakatika. Akatupa ubapa, akaendelea na kipande kilichobaki, kama mtu anayepiga godoro kutoa vumbi.

"Sema!"

Kimya hakusema.

"Ulimpiga kwa sababu gani? Sema, mbwa wewe!"

Akampiga teke la mdomo. Jino likaruka likaenda kutua kwenye sinia la kupangia mikate, likalia kama kengele ndogo. Kimya akatema damu, akajifuta kwa mkono wenye unga, akabaki na sharubu nyekundu na nyeupe.

"Jina lako Kimya?" Bucha alikuwa anahema. "Leo nakupa jina jipya. Leo utaitwa Kelele!"

Nilimrukia. Mimi, na magoti haya. Nilimshika aproni nikamvuta, akanipangusa kwa kiwiko kama anapangusa nzi, nikaanguka juu ya magunia. Mpanga mikate mmoja aliniwekea mkono chini ya kichwa kabla hakijagonga sakafu. Hata jina lake nilikuwa silijui vizuri. Mungu ampe maisha marefu.

Wakamfunga Kimya kwenye nguzo iliyo karibu na mdomo wa tanuri, kwa kamba za magunia, kuanzia kifuani mpaka shingoni, mkono wa kulia wakauacha nje.

"Mkono unaokanda ndio uliopiga," akasema Bucha. "Tuupeleke ukaive. Toroli, shika."

"Bucha, mimi siwezi."

"Nikikata kamba, nikufunge wewe?"

Toroli akaushika mkono wa mwenzake, akausogeza kwenye mdomo wa tanuri. Sote tulisikia harufu ya nywele zikiungua. Hapo ndipo Kimya alipotoa sauti, si maneno, mlio tu, kama mlango mkavu.

Lakini niliona na mengine. Nilimwona Toroli ametanguliza ngumi yake mwenyewe mbele, mkono wa Kimya uko nyuma yake, na zilizokuwa zinaungua kwanza ni nywele zake yeye. Nilimwona Fundi Moto kainama, kachukua chuma chake cha kuchochea, kila mtu anadhani anaongeza moto, kumbe anavuta makaa kuyapeleka pembeni. Hawakuangaliana. Hawakuambizana. Kila mmoja alifanya alichoweza na woga wake.

"Dakika moja tu hiyo," akasema Bucha, akamwashiria Toroli autoe mkono. "Akitulizana, tunaurudisha, safari hii mpaka kwenye kiwiko. Mjukuu wako atakula na mkono wa kushoto maisha yake yote, Bibi. Au aseme."

Mke wa Kimya alikuwa nyumbani anashona vinguo vya mtoto. Mkandaji asiye na mkono anakanda nini? Anamlisha nani? Na Bucha macho yake hayakuwa ya mtu atakayeishia mkononi.

Nikaangalia kidole changu. Kilikuwa na alama nyekundu ya kishikio, kinatetemeka chenyewe, hata nikikikataza.

Ndipo akili ikanifunguka, imechelewa kama kawaida yake.

Nikamkumbuka shangazi na kuku wake. Chekeche lilimwangukia mke mdogo. Nikakumbuka sufuria, likamwangukia mtoto wa kulelewa. Nikakumbuka saa ya jirani, likamwangukia kibarua aliyeajiriwa mwisho. Katika kushika kwangu kote sijawahi kuona chekeche limemwangukia mzee. Hata mara moja. Je, wazee hatuibi?

Sisi kwa adabu zetu tunawataja wakubwa vidole vikiwa na nguvu. Tunawafikia wadogo vidole vimekufa.

Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia. Kwa sababu nilimwona Bucha wazi: nikimwambia chekeche ni kidole kilichochoka, atalitupa, atabaki na tanuri. Na tanuri halina jina jingine kinywani zaidi ya lile alilolishika yeye. Chekeche angalau lilikuwa linamfanya angoje.

Kwa hiyo yale ya vidole nikayameza.

"Bucha, baba," nikaita. "Nisikilize mama yako."

"Mama yangu amekufa."

"Na angekuwepo angekuambia ninachokuambia mimi. Chekeche ukilianzisha na wakubwa linaona haya. Halitaji mkubwa. Linangoja mdogo, likapumzikie kwake. Jambo dogo, haina neno. Hili ni la damu. La damu linaulizwa kutoka chini kwenda juu."

Fundi Moto akashtuka. "Wakubwa mwisho? Kama makombo? Bibi, tangu lini?"

"Wewe ulishawahi kushika chekeche la damu?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, taja unachoambiwa."

Bucha alikuwa ananiangalia, kipande cha mpini kinadondosha damu. "Unataka kumwokoa mjukuu wako."

"Nataka, ndiyo. Wewe hutaki kumwokoa kaka yako? Ukimchoma asiye mwenyewe, huyo kaka yako atafumbua macho kweli?"

Hapo nilimgusa. Mtu anayeamini chekeche anaamini na mengine yote yanayokuja nalo. 

"Mara moja tu," akasema. "Likimwangukia tena, Bibi, utakaa pale kwenye kiti chako uangalie."

Tukarudi kwenye magunia. Mama Mauzo alikuwa analia bila sauti. Nikamnong'oneza, "Shika vizuri, mwanangu, usiachie mpaka mwisho." Akanitazama kama hanijui.

Nanyi mnaosoma mnaweza kuuliza, huyu bibi hakufikiri? Ukianza na wadogo, wa mwisho ni nani? Nani ataangukiwa, vidole vikishakufa?

Nilifikiri. Nilikuwa nimeshamjua kabla sijafungua mdomo. Mle ndani mwote hakukuwa na mkubwa kunipita mimi.

"Tuambieni kweli," akaanza Fundi Moto. "Ni Kimya?"

Chekeche likatetemeka. Vidole ndiyo kwanza vimeanza, kwa nini litetemeke? Nikainua macho. Mama Mauzo alikuwa ameuma mdomo mpaka damu inatoka, anakaza mkono kwa nguvu zake zote. Likatulia.

"Ni Toroli?"

Likatulia. Wakapita wakandaji. Wakapita wa baiskeli. Wapanga mikate. Ganzi ikanishika kidole, ikapanda mkono, ikafika bega. Likayumba, tukalirudisha. "Ni Mama Mauzo?" Likatulia. "Ni Bucha?" Alikuwa amesimama wima kama askari, na mimi nikamshikia, nikasema moyoni, hata wewe sitakuangusha, ingawa unastahili. "Ni... ni mimi, Fundi Moto?" Tukamshikia naye.

"Ni Bibi?"

Sikungoja kidole kichoke. Nilikilegeza.

Chekeche lilianguka mapajani mwangu, na mkasi wake.

Makaa yakavunjika tanurini.

"Haiwezekani," akasema Fundi Moto. "Bibi hawezi kuinua hata mfuko wa chumvi."

"Ni mimi," nikasema. "Mfungueni mtoto."

Bucha alikuja taratibu. Akachuchumaa mbele yangu. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtoto aliyeambiwa jambo zito kuliko umri wake. Kisha akanizaba kofi.

Sijapigwa kofi tangu marehemu mume wangu alipojaribu mara moja akajuta. Miwani iliruka. Nikasikia Toroli anaiokota, anaifuta kwa shati, anaiweka mkononi mwangu kwa vidole vyake vilivyoungua.

"Ulimpiga kwa nini?" Bucha akauliza.

"Alinitukana."

"Kaka yangu? Aliyekutafutia kiti?"

Lile liliniuma kuliko kofi. "Alinitukana," nikarudia.

"Na ulimpiga na nini?"

"Na beleshi."

Akatabasamu, na tabasamu lile sitaki kuliona tena. "Daktari ameniambia kitu kilichompasua. Ameniambia mimi, peke yangu, mlango umefungwa. Si beleshi. Beleshi lilirukiwa na damu tu. Taja tena, Bibi."

"Ni... jiwe."

"Si jiwe."

Akanishika kwapani akaninyanyua. Miguu yangu haikugusa chini. Joto la tanuri likanipiga usoni, nikasikia nyusi zangu zinajikunja. Watu wakapiga kelele, "Bucha! Bucha, huyo ni bibi!" Akazidi kunisogeza.

"Taja tena. Chekeche limekutaja, haliwezi kuwa limekosea mara mbili. Ulimpiga na nini?"

"Chupa!" nikasema. "Nyundo! Chochote unachotaka, mwanangu!"

"Na nini?"

"Kufuli."

Si mimi niliyesema.

Bucha akaniachia. Nilianguka kama furushi. Kimya alikuwa ameinua kichwa pale kwenye nguzo, mdomo umevimba, na maneno yanatoka yamelowa.

"Kufuli la stoo. Mwache bibi yangu."

Bucha alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Lilikuwa mkononi mwangu. Baadaye nililirudisha mlangoni. Nendeni, mtaona damu kwenye tundu la ufunguo, sikuweza kuifikia."

Toroli hakungoja kutumwa. Alikwenda, tukasikia kufuli linagongagonga kwenye mlango wa stoo analigeuzageuza. Aliporudi hakusema neno. Alitikisa kichwa kukubali, akasimama mbali.

Mjukuu wangu. Niliyemwogesha. Niliyekuwa namwita mume wangu, naye ananiita mchumba. Chekeche lilimwangukia kwa uchovu wa kidole, na bado lilimwangukia mwenyewe.

"Kwa nini?" Bucha alikuwa hapigi kelele tena, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. "Alikuajiri. Alimwajiri bibi yako. Mkeo alipolazwa, alikulipia gari. Kwa nini?"

Kimya akafunga mdomo.

"Nimekuuliza!"

 Lakini macho yake yalimtoroka. Yalikwenda kwa Mama Mauzo, mara moja, yakarudi.

"Usiseme," akanong'ona Mama Mauzo. "Mwanangu, usiseme."

"Sijasema, Mama. Wala sitasema."

"Hata wakikuua?"

"Nilikuahidi."

Basi yule mwanamke akasimama. Alikuwa na unga mapajani, machozi yamechora mistari usoni. Akaanza kukunja mkono wa gauni lake. Polepole, kunja moja, kunja nyingine, mpaka juu ya kiwiko. Kisha akaufunua ukosi.

Vidole. Alama za vidole vya mtu, nyeusi na kijani, zimezunguka mkono, nyingine ziko shingoni. Za zamani chini, mpya juu.

"Huyu ndiye kaka yako, Bucha," akasema. "Mlango wa stoo alikuwa ameubana kwa mgongo wake. Nilipiga kelele, mashine ya kukandia ikanimeza sauti. Aliyesikia ni mmoja, akausukuma mlango. Na nilikuwa ninajiuliza, siku zote hizi, je, ni kweli ni mmoja tu aliyekuwa akisikia?"

Fundi Moto akatazama chini. Wapanga mikate wakatazama chini. Nami nikakitazama kile kiti chenye egemeo, kilichokuwa mbali na stoo, upande wa dirisha, pazuri, penye hewa, pasipofika sauti. Nikatamani nisiwe nimewahi kukikalia.

"Sema unadanganya," Bucha akasema.

"Sidanganyi."

"Sema unadanganya, nitakusamehe, nitakupa hata hilo duka langu. Sema."

"Ningekuwa nadanganya, ningekuwa nimeanza zamani."

 Bucha alitazama ule mkono wenye alama, akatazama mikono yake mwenyewe, yenye damu ya mjukuu wangu. Nikafikiri atalia. Nikafikiri, sasa yamekwisha, huyu ni mtoto wa mtu, naye ana moyo.

Kisha simu yake ikalia mfukoni. Akaipokea bila kututazama.

"Ndiyo, mimi mdogo wake... Amefumbua macho?... Anasema?"  Alisikiliza muda mrefu. "Anasema nini kuhusu mimi?"

Akaikata. Hakutuambia alichoambiwa.

Akachomoa kisu kiunoni, kile cha kutenganishia mifupa, akatembea kuelekea kwenye nguzo. Nilijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Niliita, "Bucha, baba, Bucha," sijui kama sauti ilitoka. Kimya hakufumba macho. Kamba ilikuwa imebana pale pale chini ya kidevu chake, imezama kwenye ngozi, na kutoka nilipolala sikuweza kuona kamba inaishia wapi na shingo ya mjukuu wangu inaanzia wapi, wala kisu kile kilikuwa kinaiendea ipi.